Video Imetikisika, Sasa Nifanyeje? Maswali Ninayoulizwaga Sana Kuhusu Kutuliza Video

Mimi nashuti na kuediti hapa Kigoma, mwisho wa reli. Harusi, sendofu, kipaimara, misiba, na mara mojamoja wageni wanaoenda Gombe wanataka kumbukumbu. Karibu kila wiki kuna mtu anakuja na flashi au simu mkononi, kaka hebu niangalizie hii, imetikisika. Maswali yanakuwaga yaleyale kwahiyo nimeyaandika hapa na majibu yake, anayetaka yote asome yote, anayetaka moja aruke mpaka kwenye lake.

Video yangu imetikisika vibaya, inatengenezeka au niifute tu?

Usifute kwanza. Ifungue, isimamishe pale panapotikisika zaidi, halafu sogeza fremu moja moja uangalie ile picha iliyosimama. Kama kila fremu ni safi, sura ya mtu inasomeka, maandishi ya kwenye bango yanasomeka, hiyo inapona, maana shida yake ni picha safi zinazorukaruka tu na kuzipanga zisiruke ndo kazi ya stabilaiza. Ila kama ukiisimamisha taa imekuwa mstari na macho ya bi harusi yameburuzika, basi mtikisiko umeshaingia ndani ya picha yenyewe na hakuna programu ya kutuliza itakayoutoa. Itaishika picha mahali pamoja halafu ule ukungu utabaki, unakuja na kuondoka kama mtu anapumulia kioo. Inachukiza kuliko ilivyokuwa mwanzo, kwa sababu mwanzo mtazamaji alikuwa anaelewa kwamba kamera imetikiswa, sasa anaona kamera imetulia lakini picha inafifia yenyewe bila sababu.

Halafu mitikisiko haifanani. Mkono kutetemeka wakati umesimama ni kitu kidogo, unaondoka karibu wote. Ule wa kutembea unapungua sana ila kuisha hauishi. Wa bodaboda kwenye makorongo au wa injini ya boti ni mgumu kwa sababu ni wa harakaharaka mno. Na yule aliyekuwa anazungusha kamera huku na huku anatafuta cha kushuti, huo sio mtikisiko, huko ni kukosa uamuzi, kata tu hicho kipande.

Programu inajuaje kilichotikisika ni kamera na sio vitu vyenyewe?

Haijui kama wewe unavyojua, inakisia kwa kuhesabu. Kwanza inatafuta alama kwenye picha, vitu vyenye kona na utofauti, pembe ya dirisha, herufi za bango, ncha ya bati, maua ya kitenge. Inazifuata fremu hadi fremu. Ikiona alama nyingi zimehama pamoja, tuseme pikseli 6 (zile nukta ndogo zinazounda picha) kulia na zimeinama kidogo, inasema hii ni kamera. Zile chache zinazoenda kivyake, mfano mtu anayecheza, inajaribu kuzitupa zisiharibu hesabu. Ikimaliza inakuwa na njia yote ambayo mkono wako ulipita, mstari wenye mikunjo mingi, inaunyoosha ule mstari, halafu inairudisha kila fremu upande wa pili kwa kiasi kilekile ilichotoka. Basi. Ndo maana karibu zote zinapita mara mbili, mara ya kwanza kuchunguza na mara ya pili kusogeza.

Ukishalielewa hilo utajijibu nusu ya maswali mengine mwenyewe, maana kila stabilaiza inapoboronga ujue imeshika alama zisizo sahihi.

Mbona nikishuti ziwani ndo inakuwa mbaya zaidi?

Hili ndo swali letu sisi watu wa Tanganyika, na nimelipatia jibu baada ya kuharibu video nyingi. Maji hayana alama za kushika. Mawimbi yamejaa kona na mng'ao, programu inayapenda, inashika maelfu ya alama juu yake, na zote zinatembea. Inadhani kamera ndo inatembea, inairudisha, matokeo yake mtumbwi unaanza kuogelea kwenye skrini, upeo wa ziwa unapinda kama kamba ya kuanikia nguo.

Wakati wa kushuti weka kitu cha nchi kavu kwenye picha. Ukiwa Kibirizi elekeza kamera upate kipande cha ufukwe, nyumba, gari, au milima ya Congo ng'ambo kama siku hiyo haina ukungu. Na kama umeshashuti tayari, After Effects, programu ya kuediti ya Adobe, inakuruhusu kuzionyesha zile alama na kuzifuta, kwahiyo unazungushia alama zote za majini unazifuta unaacha za ufukweni tu, inahesabu upya, na tofauti yake utaipenda. Kama programu yako haina hiyo kitu, tumia aina rahisi kabisa ya kutuliza, ile inayosogeza picha juu chini kushoto kulia bila kuikunja.

Na ukiwa ndani ya boti uamue, unataka boti itulie au nje kutulie? Vyote viwili haviwezekani kwenye picha moja. Kama mbele yako kuna ukingo wa boti na watu wamekaa, programu itawashika hao na ziwa litapanda na kushuka, mimi naonaga hiyo ni sawa kabisa, ndivyo safari ya ziwani ilivyo.

Nikishatuliza picha inakuja karibu, watu wanakatwa vichwa. Kwanini?

Kwa sababu fremu zinasogezwa. Ukisogeza picha kushoto, kulia panabaki pengo jeusi, ili usilione inabidi ivutwe ikubwe mpaka pengo litoke nje. Kadiri mtikisiko ulivyokuwa mkubwa ndivyo inavyovuta zaidi. Tufanye hesabu, video ya 1920 kwa 1080 ikivutwa asilimia 120 unachokiona ni 1600 kwa 900 iliyotanuliwa, kwahiyo umepoteza pikseli 160 kila upande wa kushoto na kulia, na 90 juu na 90 chini. Ikiwa 110 unabaki na kama 1745 kwa 982, hapo jicho la kawaida halishtuki. Mimi kikomo changu ni 115 hivi kwa video ya HD, ikipita hapo narudi kupunguza nguvu ya kutuliza, bora ibaki na mtikisiko kidogo.

Niliwahi kutuliza video ya maharusi wanaingia ukumbini, imetoka laini kama siagi, nikaipeleka kwa furaha. Mama mzazi wa bwana harusi alikuwa anatembea pembeni na kilemba kipya. Kilemba kimekatwa chote, ukumbi mzima mbele mpaka nyuma. Nilirudia kazi ile bure na nikasemwa juu.

Dawa yake ni mbili tu. Shuti kwa upana zaidi ya unavyotaka, acha hewa juu ya vichwa na pembeni. Au shuti 4K, yaani 3840 kwa 2160, halafu taimlaini yako iwe ya 1080, hapo unaweza kuvuta mpaka mara mbili na bado pikseli zinatosha. Ila 4K inakula kadi, ujipange.

Nitumie programu gani, mashine yangu ni ya kawaida tu?

Inategemea "ya kawaida" yako ni ipi.

Kama una mashine yenye nguvu kidogo, DaVinci Resolve ya bure inakutosha, stabilaiza yake ipo hata kwenye hiyo ya bure. Ila wenyewe wanashauri RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha, ukiiweka kwenye laptopu ya GB 4 itakutesa, feni italia kama treni ya mizigo. Premiere na After Effects, zote za Adobe, wana stabilaiza inaitwa Warp Stabilizer ambayo kwa maoni yangu ndo rahisi kuliko zote kwa anayeanza, ilianzia After Effects CS5.5 mwaka 2011, lakini ni ya kulipia na mimi sitaki kuingia kwenye habari za kopi za mtaani, wengi wamepata virusi huko.

Mashine dhaifu? Shotcut au Kdenlive, za bure, na ndani yake zinatumia kitu kinaitwa vid.stab kilichoandikwa na Georg Martius. Wazee wa zamani kama mimi tulianza na VirtualDub na kiongezi chake Deshaker cha Gunnar Thalin, sura yake imejaa namba kama fomu ya mkopo lakini inafanya kazi, na ina ujanja wa kujazia yale mapengo meusi kwa kuazima vipande vya fremu zilizotangulia na zinazofuata.

Kwenye simu, Google Photos ina kitufe cha kutuliza ukifungua sehemu ya kuediti, unabonyeza unasubiri basi, haina cha kurekebisha. CapCut nayo inayo, inakupa viwango vya kuchagua, kuna cha kukata kingo kidogo na cha kutuliza zaidi. Kwa status inatosha kabisa.

Warp Stabilizer nianze na namba zipi?

Watu wengi wanaitupia kwenye klipu wanaiacha ilivyo. Ikija inakuwa na Smoothness (ulaini wa mwendo) ya asilimia 50 na Method ya Subspace Warp, ambayo ndo inakunja picha vipandevipande. Kwa video ya mkononi ya kawaida hiyo ni nguvu nyingi mno, unamwagia mchuzi sufuria zima la mawese. Shusha Smoothness mpaka 5, angalia, panda 10, angalia, mara chache sana mimi nimevuka 20. Method nayo panda ngazi kutoka chini, anza na Position, haijatosha weka Position, Scale, Rotation, halafu Perspective, na Subspace Warp iwe ya mwisho. Kubadilisha hizi hairudii uchunguzi tangu mwanzo, inapanga upya tu, kwahiyo jaribu bila uvivu.

Kama ulikuwa umesimama na unataka ionekane kama ilikuwa kwenye stendi, pale kwenye Result weka No Motion. Inafanya kazi kama kweli ulikuwa umesimama, kama ulitembea hata hatua mbili itagoma au itavuta picha mpaka uone matundu ya pua.

Na ikikuandikia kwamba ukubwa wa klipu haulingani na taimlaini, au kwamba haiwezi kufanya kazi pamoja na mabadiliko ya spidi, usihangaike. Bonyeza klipu, chagua Nest, yaani kuifungasha klipu iwe kama kifurushi kimoja, halafu weka stabilaiza juu ya hiyo nest.

Na kwenye Resolve?

Chagua klipu, nenda Inspector, shuka mpaka Stabilization. Kuna Perspective, Similarity na Translation. Translation ndo nyepesi, inasogeza tu. Similarity inaongeza kuzungusha na kuvuta, ndo ninayotumia zaidi. Cropping Ratio inachanganya watu kwa sababu inaenda kinyume, ikiwa 1 haitulizi chochote, kadiri unavyoishusha ndivyo unavyoiruhusu ikate zaidi na itulize zaidi. Smooth ni ulaini wa njia. Camera Lock ni sawa na ile No Motion ya Warp Stabilizer. Kila ukibadilisha kitu bonyeza Stabilize tena, wengi wanasahau wanadhani imekufa.

Kuna njia ya bure kabisa ambayo hailemei mashine na umeme ukikatika sirudii mwanzo?

Ipo, FFmpeg. Haina madirisha wala vitufe, unaandika amri tu kwenye terminal ya kompyuta, usiogope. Hakikisha toleo ulilopakua lina libvidstab ndani (ndo ile vid.stab niliyoitaja juu), halafu amri ya kwanza ni ya kuchunguza:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=7:result=mtikisiko.trf -f null -

Hiyo haitoi video, inatoa faili dogo la mtikisiko.trf ambalo lina hesabu zote za mkono wako. Shakiness ni 1 mpaka 10, ikiachwa inakuwa 5. Amri ya pili ndo inatuliza:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf vidstabtransform=input=mtikisiko.trf:smoothing=20:zoom=2,unsharp=5:5:0.8:3:3:0.4 -c:a copy harusi_imetulia.mp4

Smoothing ya 20 maana yake inaangalia fremu 20 nyuma na 20 mbele na hiyo yenyewe, jumla 41, kwa video ya fremu 25 ni kama sekunde moja na nusu hivi. Ukiacha bila kuandika inatumia 10. Ile unsharp mwishoni ni ya kunoa picha kidogo kwa sababu kuvuta kunalegeza, na sauti inanakiliwa ilivyo.

Uzuri wake kwa sisi ambao umeme una tabia zake ni kwamba faili la trf likishakamilika lipo kwenye diski. Ukikatika wakati wa amri ya pili, ukirudi unarudia hiyo ya pili tu, na ukitaka kujaribu smoothing 10, 15, 30 huchunguzi upya. Usiku mmoja nimewahi kuchunguza klipu ishirini zimepangwa foleni mimi nimelala.

Video imetulia lakini majengo yanacheza kama jeli, hiyo ni nini?

Kamera nyingi na simu karibu zote hazipigi picha nzima kwa mpigo, zinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kama kamera imetikisika katikati ya kusoma, mistari ya juu inakuwa mahali pengine na ya chini mahali pengine, nguzo inainama, mlango unajikunja. Kabla hujatuliza huoni sana maana kila kitu kinaruka. Ukishatuliza ndo unaona, picha imesimama halafu ukuta unacheza.

Warp Stabilizer ina marekebisho yake kwenye sehemu ya Advanced na pia kuna efekti ya kujitegemea ya Rolling Shutter Repair, zinasaidia kwa kiasi. Kwa mtikisiko wa injini ya boti au pikipiki hazifui dafu. Hapo kinga tu. Kwenye boti usiegemeze kiwiko kwenye mbao, mtetemo wote wa injini unapanda mkononi, simama au kaa katikati, mikono hewani, magoti yalegee, mwili wako ndo springi. Kijana mmoja wa Gungu alikuwa anafunga simu kwenye usukani wa bodaboda kwa raba moja kwa moja, nikamwambia aweke kipande cha sponji la godoro katikati, akanijibu kwamba simu sasa inanesa. Ndiyo inanesa, lakini inanesa taratibu, na kunesa taratibu stabilaiza inakuweza.

Ukumbini usiku mwanga hafifu, mbona kutuliza hakusaidii?

Rudi swali la kwanza. Giza likiwepo simu inafungua shata, yaani mlango wa kuingizia mwanga, muda mrefu ili ipate mwanga, na mkono unatikisika wakati shata iko wazi, fremu inaburuzika. Kwahiyo unachagua punje punje au ukungu. Mimi nachagua punje. Panda shata mpaka 1/100 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ipande nayo, picha itakuwa na chenga lakini ni safi na itatulizika. Kwanini 1/100 na sio namba nyingine? Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi za ukumbini zinameta mara 100 kwa sekunde, ukitumia 1/50 au 1/100 hazikuletei mistari ya kupepesa, ukitumia 1/60 au 1/120 zinaweza kukuletea. Mchana juani panda 1/200 na zaidi kama unajua utatuliza baadaye.

Kuna wanaosema shata lazima iwe mara mbili ya fremu, 1/50 kwa fremu 25, ili mwendo uonekane wa kisinema. Kweli, kwa mwenye kamera kwenye stendi. Wewe uliye mkononi achana na hilo kwanza.

Na zile taa za wavuvi wa dagaa usiku, watu wanaziendea sana kwa sababu ni nzuri jamani, ziwa lote linakuwa kama mji. Ukizishuti kutoka kwenye boti hakuna cha kutuliza. Giza tupu na nuktanukta za mwanga, kila taa inapanda na kushuka na wimbi lake, programu ikishika hii nyingine inakimbia. Ukitaka hiyo picha itulie panda juu ya kilima na stendi ya miguu mitatu.

Simu yangu ina kutuliza kwake yenyewe, bado nipitishe programu?

Kuna ya lenzi, kijumba kidogo ndani kinachosogeza lenzi kinyume na mkono, hiyo iache imewashwa siku zote. Na kuna ya programu ya simu, ambayo inakata kingo palepale unaposhuti, utaijua kwa sababu ukiiwasha picha inasogea karibu. Hii ya pili ukiituliza tena kwenye kompyuta unaweza kupata miruko midogo midogo ya ajabu, kwa sababu simu ilishasogeza fremu kwa mahesabu yake na programu inajaribu kusogeza kilichosogezwa. Chagua mmoja wa kufanya kazi. Kama una haraka muachie simu. Kama utaediti kwa makini na una muda, zima ya simu ufanye mwenyewe.

Gyroflow ndo nini, kuna mtu kaniambia inafanya maajabu?

Ni programu ya bure, na tofauti yake na nyingine zote nilizotaja ni kwamba haiangalii picha. Kamera kama GoPro kuanzia HERO5, Sony nyingi za sasa na Insta360, zinarekodi mzunguko wa kamera kwa kutumia jairo iliyo ndani na kuuhifadhi humohumo kwenye faili la video. Gyroflow inasoma hizo namba. Mawimbi hayaidanganyi, giza haliidanganyi, mtu akipita mbele haimshiki. Kwa kazi za ziwani ndo tiba niliyokuwa naililia miaka yote, na inaweza kuushika upeo wa maji ukabaki umelala hata boti ikiinama.

Masharti ni kwamba kutuliza kwa ndani ya kamera kuzimwe, shata iwe ya kasi, na kamera ijulikane na programu pamoja na lenzi yake. Na jairo inajua kuzunguka tu, kupanda na kushuka kwa boti haikuondolei.

Basi si ninunue gimbali yaishe?

Nunua kama unafanya kazi nyingi. Ila ujue gimbali, kile kishikio chenye mota za kutuliza kamera, ya mihimili mitatu nayo inadhibiti kuzunguka, kuinama na kugeuka tu. Kupanda na kushuka kwa hatua zako bado kupo, ndo maana utaona video za gimbali za watu zinadunda. Hilo la kudunda lilimfanya Mmarekani Garrett Brown kubuni Steadicam miaka ya 1970, yenye mkono wa springi na fulana ya kuvaa, hadi leo ni kifaa cha bei kali.

Wewe una kitu cha bure. Nenda asubuhi Kibirizi umuangalie mama anayepandisha na beseni la dagaa kichwani. Magoti hayanyooki kabisa, kisigino kinatangulia, kiuno ndo kinachezacheza lakini kuanzia mabegani kwenda juu hakuna kinachotikisika, na anaongea na wenzake huku. Tembea hivyo na kamera yako, viwiko vimebana mbavu. Nimewafundisha vijana wawili kwa kuwatembeza na ndoo ya maji, walilowa siku ya kwanza wakanichukia.

Nilishuti nikiwa kwenye treni, dirisha limetulia nje ndo kunatikisika!

Programu imeshika fremu ya dirisha. Ni kitu kikubwa, kina kona nne kali, hakitembei, imekipenda. Vuta picha kwanza mpaka dirisha litoke, nest, halafu ndo utulize. Hata hivyo nguzo za karibu zinapita kasi na miti ya mbali inaenda polepole, hakuna mwendo mmoja wa kushika, kwahiyo tumia nguvu ndogo. Sehemu za wazi, mfano ukivuka Malagarasi, zinatulizika vizuri kuliko zile za vichaka vilivyoegemea reli.

Nitulize kwanza au nikate kwanza? Na rangi je?

Kata kwanza. Usitulize saa nzima ya harusi ili utumie dakika nne. Ukishakata, tuliza vile vipande vinavyohitaji tu, halafu rangi, halafu maandishi, maandishi yakae juu na yasiguswe na stabilaiza. Slo-mo nayo ifanye baada ya kutuliza. Na kwenye Premiere ujue hesabu za stabilaiza zinahifadhiwa ndani ya faili la projekti, ukiwa na klipu nyingi litavimba, usishtuke linapochelewa kusevu.

Nimetumiwa video kwa WhatsApp, naweza kuituliza?

Unaweza ila utajuta. Ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa, zile kona ndogo ambazo programu inazitegemea zinakuwa matope, na ukivuta unaona viboksi. Mwambie mwenye nayo aitume tena kama dokyumenti, WhatsApp inapitisha mpaka GB 2 hivyo, au alete flashi.

Sauti inaathirika?

Hapana. Upepo uliouingiza upo palepale.

Ipi nisitulize hata kama inatikisika?

Ngoma. Watu wakiwa wamechangamka, vumbi limetimka, wewe umo katikati yao, ukiituliza inapoa, inaonekana kama imeshutiwa na mtu aliyekuja kuhesabu watu. Goli likifungwa uwanjani na jukwaa likalipuka, acha. Mtoto anakimbia na wewe unamkimbiza, tuliza kidogo sana au acha.

Na za kifamilia uliza kwanza. Dada mmoja wa Ujiji aliniletea klipu ya simu ya zamani, marehemu baba yake kakaa chini ya mwembe anasimulia kitu, inatikisika mwanzo mwisho. Nikaituliza kwa moyo wote, mzee katulia katikati ya picha. Akaangalia, akasema kaka nirudishie ile ya mwanzo, hapo anayetikisa kamera ni mimi nilikuwa nacheka. Tangu siku hiyo faili la mwanzo sifuti kamwe, nampa mtu zote mbili.

Nikikuletea utanifanyia?

Lete. Faili la asili sio lililopitia status, na uniandikie ni dakika ya ngapi mpaka ya ngapi, maana kuangalia saa tatu za sendofu natafuta sekunde kumi unazozitaka wewe, hiyo nayo nachaji.